Programu Ipo Kwenye Klasta Lakini Haipatikani: Kutafuta Chanzo kwa Kufuata Dalili

Mtumiaji mpya wa klasta (kompyuta nyingi zilizounganishwa na kutumiwa na watu wengi) huandika `samtools`, programu ya kuchakata data za jenomu, akajibiwa `bash: samtools: command not found`, kisha akamwandikia msimamizi kuomba programu hiyo iwekwe. Mara nyingi imo tayari, tena matoleo matatu au manne. Klasta inahudumia watu wa fani nyingi wanaotaka matoleo yanayogombana, kwa hiyo programu hazirundikwi `/usr/bin`. Kila toleo lina folda yake, na moduli ndiyo inayokufungulia njia ya kulifikia.

Moduli haisakinishi kitu. Inachofanya ni kubadilisha vigeu vya mazingira vya sheli uliyomo (programu inayopokea amri zako, kama bash), hasa `PATH`, orodha ya folda ambamo amri hutafutwa, na `LD_LIBRARY_PATH`, ambamo maktaba hutafutwa, ukiongeza vingine vichache. Ukilishika hilo, nusu ya matatizo yaliyo hapa chini utayatambua mwenyewe, kwa sababu mengi ni ya aina moja: mazingira yamebadilishwa mahali pamoja, na amri imeendeshwa mahali pengine.

Kabla ya kugusa chochote, endesha amri hizi nne palepale tatizo linapotokea. Ikiwa kazi imeanguka kwenye nodi ya kukokotoa (mashine ya klasta inayoendesha kazi zilizotumwa), ziweke ndani ya skripti ya kazi, usizijaribu kwenye nodi ya kuingilia (mashine unayofikia kwanza ukiingia):

```
hostname
type module
module list
which -a samtools
```

Ya kwanza inakuambia uko mashine ipi. Ya pili inapaswa kujibu `module is a function`. Ya tatu inaonyesha kilichopakiwa, na ya nne inaorodhesha nakala zote za programu kwa mpangilio wa `PATH`. Inayotumika ni ile ya juu kabisa.

`module load` inasema jina halijulikani

Kwanza jua ni mfumo gani wa moduli unaotumika. Andika `module --version`. Ukiona neno Lua, hiyo ni Lmod, iliyoandikwa na Robert McLay wa TACC huko Texas. La sivyo, huenda ni Environment Modules, ule mfumo mkongwe wa Tcl. Amri za msingi ni zilezile, lakini ujumbe wa makosa na namna ya kutafuta vinatofautiana.

Kwenye Lmod utaona:

```
Lmod has detected the following error: The following module(s) are unknown: "samtools"
```

Kwenye ule mwingine: `Unable to locate a modulefile for 'samtools'`.

Chanzo cha kwanza ni herufi kubwa na ndogo. Klasta zinazojengewa programu zake kwa EasyBuild, chombo kilichoanzia Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, huandika majina kama waandishi wa programu walivyoyaandika: `SAMtools`, `BWA`, `GROMACS`, `SciPy-bundle`. Klasta nyingine huandika yote kwa herufi ndogo. `module load` haisamehe tofauti hiyo, ila `module spider samtools` ya Lmod hutafuta bila kujali ukubwa wa herufi. Basi tafuta kwa spider, halafu nakili jina kama lilivyotoka, pamoja na toleo.

Cha pili ni moduli kufichwa nyuma ya nyingine. Kwenye klasta zenye mpangilio wa ngazi, `module avail` inaonyesha tu kile kinachoweza kupakiwa sasa hivi. Kama hujapakia kompaila (kama GCC, inayogeuza msimbo kuwa programu), programu zilizojengwa kwa kompaila hiyo hazionekani kabisa. Ujumbe wake ni tofauti: unasema moduli ipo lakini haiwezi kupakiwa hivyo ulivyoomba. Iulize spider kwa jina kamili:

```
module spider SAMtools/1.18
```

Mwishoni mwa jibu utakuta mstari wa vitu vya kupakia kwanza, kwa mfano `GCC/12.3.0`. Kisha pakia kwa mfuatano huohuo: `module load GCC/12.3.0 SAMtools/1.18`. Kama spider imekupa mistari miwili au mitatu, hiyo ni miundo tofauti ya programu ileile. Chagua ule unaoshirikiana na programu nyingine utakazotumia kwenye kazi hiyo.

Kuna klasta zinazofunga katalogi nzima ya fani moja nyuma ya moduli moja. Watafiti wa Afrika Mashariki wanaotumia Lengau, klasta ya CHPC ya Afrika Kusini, hukutana na jambo hili mapema: programu za baiolojia hujitokeza baada ya kupakia `chpc/BIOMODULES`. Kabla ya hapo unaweza kuitazama `module avail` mpaka jioni usizione.

Cha tatu ni kwamba unachotafuta si moduli bali ni sehemu ya moduli. Hakuna `numpy` kwenye orodha kwa sababu imo ndani ya `SciPy-bundle`. Vifurushi vingi vya R vimo ndani ya moduli ya R yenyewe au ya `R-bundle`. Lmod ikiwa imepangwa vizuri, `module spider numpy` itakuonyesha jina lenye alama `(E)` na moduli inayolibeba.

Chanzo cha nne ni nadra: orodha iliyohifadhiwa kwenye kashe imepitwa na wakati. Msimamizi kaweka programu asubuhi, wewe huioni. Jaribu `module --ignore_cache spider jina`. Ikionekana, futa folda `~/.cache/lmod` (kwenye Lmod za zamani, `~/.lmod.d/.cache`) na uendelee.

Natafuta kwa grep, hakuna kinachochujwa

`module avail | grep -i bwa` inamwaga orodha nzima kana kwamba grep haipo. Sababu ni kwamba `module` huandika majibu yake kwenye mkondo wa makosa, si ule wa kawaida ambao bomba (alama `|`) hubeba. Andika hivi:

```
module -t avail 2>&1 | grep -i bwa
```

`-t` inaweka jina moja kila mstari, ndipo grep inapofaa.

Hapohapo kuna mtego mwingine. Ukiandika `module load BWA 2>&1 | tee kumbukumbu.txt`, moduli inapakiwa ndani ya sheli ndogo ya bomba, sheli hiyo inakufa, na mazingira yanakwenda nayo. Hakuna kosa linaloonyeshwa, ila `bwa` haipatikani. Usiunganishe `module load` na bomba. Kuweka mistari ya `module load` kwenye skripti na kuiendesha kwa `bash andaa.sh` kunaleta matokeo yaleyale. Tumia `source andaa.sh`.

`module: command not found`

Hapa programu haina kosa, sheli ndiyo haikuandaliwa. `module` ni kitendaji cha sheli kinachoundwa na faili zilizo `/etc/profile.d/`, na faili hizo husomwa na sheli ya kuingilia. Kwa hiyo amri hupotea kwenye kazi za cron (zinazojiendesha kwa ratiba), kwenye `ssh nodi 'amri'`, na kwenye skripti zinazoanza na `#!/bin/sh`. Tiba nyepesi ni kuanza skripti na:

```
#!/bin/bash -l
```

Ile `-l` inaifanya bash ijione ni sheli ya kuingilia. Isipofaa, tazama `ls /etc/profile.d/` utafute faili yenye `lmod` au `modules` katika jina, kisha iite kwa `source` mwanzoni mwa skripti.

Kama tatizo limeanza ghafla hata ukiingia kwa mkono, kagua `~/.bashrc`. Aghalabu kuna mstari uliofuta `PATH` badala ya kuiongezea: `export PATH=/home/mimi/bin` badala ya `export PATH=/home/mimi/bin:$PATH`.

Kwenye nodi ya kuingilia inafanya kazi, kwenye foleni inaanguka

Hili ndilo linalopoteza muda wa watu kuliko yote, na vyanzo vyake ni vingi.

Anza na mpanga foleni, programu kama Slurm au PBS inayozigawia nodi kazi zilizotumwa. Slurm kwa kawaida hunakili mazingira ya sheli uliyotumia kutuma kazi na kuyapeleka kwenye kazi. PBS hainakili mpaka umwambie kwa `-V`. Kwa hiyo mtu aliyezoea kupakia moduli kwa mkono kisha kutuma `sbatch` anapohamia klasta ya PBS, skripti zake zote zinaanguka kwa `command not found`. Hata kwenye Slurm tabia hiyo ni mbaya: kazi inategemea kitu kisichoandikwa popote, na wiki ijayo ukiituma ukiwa umepakia vitu vingine, inatoa matokeo mengine. Moduli ziandikwe ndani ya skripti, baada ya kusafisha:

```
#!/bin/bash -l
#SBATCH --cpus-per-task=4
#SBATCH --mem=8G
#SBATCH --time=02:00:00

module purge
module load SAMtools/1.18-GCC-12.3.0
module list
which samtools

set -euo pipefail
samtools sort -@ 4 -m 1500M -o panga.bam ghafi.bam
```

Jina `SAMtools/1.18-GCC-12.3.0` ni la klasta zisizo na mpangilio wa ngazi, ambako kompaila huandikwa ndani ya toleo. Ona pia mahali `set -euo pipefail`, mstari unaosimamisha skripti kosa likitokea, ulipokaa. Ukiiweka juu ya `module load`, ile `u` inaweza kukwama kwenye kigeu kisichopewa thamani ndani ya skripti za moduli zenyewe au za conda (msimamizi wa vifurushi asiyetegemea moduli), na kazi ikafa kwa `unbound variable` kabla haijaanza. Ona pia `-m 1500M`: kwenye `samtools sort` hicho ni kiasi cha kila uzi, si cha kazi nzima. Nyuzi nne kwa 1500M ni takriban 6 GB, zinaenea ndani ya 8 GB ulizoomba. Ukiandika `-m 4G` na nyuzi nne, unahitaji 16 GB na Slurm itaua kazi kwa `oom_kill`, yaani imezidi kumbukumbu uliyoomba. Wengi hudhani moduli imeharibika.

`module purge` ina tahadhari moja. Klasta nyingine zina moduli za msingi zilizogandishwa, zenye alama `(S)`, ambazo purge huziacha kwa makusudi. Usiziondoe kwa `--force` kwa sababu tu umeona pendekezo hilo kwenye skrini. Ukiziondoa, huenda hata `MODULEPATH` ikapotea na kila kitu kikawa hakijulikani.

Chanzo kingine: nodi hazifanani. Sehemu ya GPU inaweza kuwa na mti wake wa moduli. Linganisha matokeo ya amri hii kwenye nodi ya kuingilia na ndani ya kazi fupi ya `srun`:

```
echo $MODULEPATH | tr ':' '\n'
```

Njia zikitofautiana, tafuta moduli ukiwa ndani ya kazi, kwenye nodi ya aina utakayotumia.

Na kama umeandika skripti kwenye Windows ukaipakia kwenye klasta, sbatch itaikataa kwa kulalamikia `DOS line breaks`, au bash italalamika kuhusu `^M`. Amri `sed -i 's/\r$//' kazi.sh` inamaliza.

Moduli imepakiwa bila kosa, lakini amri bado haipo

`module load Trimmomatic/0.39-Java-11` inapita, kisha `trimmomatic` inajibiwa `command not found`. Hapa moduli ni nzima. Trimmomatic ni faili ya jar, na jar haiitwi kwa jina lake tu. Fungua moduli uone inafanya nini:

```
module show Trimmomatic/0.39-Java-11
```

Amri hii inaonyesha kila kigeu kinachobadilishwa. Kwenye klasta za EasyBuild utakuta `EBROOTTRIMMOMATIC`, folda ilipokaa programu. Basi unaiita hivi:

```
java -jar $EBROOTTRIMMOMATIC/trimmomatic-0.39.jar PE ...
```

Picard huwa hivyohivyo, kwa `$EBROOTPICARD/picard.jar`. Kwa programu nyingine, amri ina jina tofauti na la moduli: moduli ya `BLAST+` inaleta `blastn`, `blastp` na `makeblastdb`, hakuna amri inayoitwa `blast`; moduli ya `GROMACS` inaleta `gmx`, au `gmx_mpi` kama imejengwa kwa MPI (njia ya michakato mingi kuwasiliana ndani ya kazi moja). Chukua mstari wa `PATH` ulioonyeshwa na `module show`, uifanyie `ls` folda hiyo, na majina yote yako mbele yako. `module show` haithaminiwi inavyostahili. Inajibu maswali mengi kuliko kurasa za msaada za klasta nyingi.

Toleo linalojibu si lile nililopakia

Umepakia Python 3.11.3, `python --version` inasema 3.9. `which -a python` itakuonyesha aliyetangulia, na mara nyingi ni Miniconda iliyo nyumbani kwako, iliyojiingiza kwenye `~/.bashrc` kupitia `conda init`. Ukiona `(base)` mwanzoni mwa mstari wa amri, ndiyo hiyo. Izuie isijiwashe yenyewe:

```
conda config --set auto_activate_base false
```

Kisha toka uingie upya. Conda na moduli vinaweza kukaa kwenye akaunti moja, lakini si ndani ya kazi moja.

Hali ya pili imejificha zaidi: Python ni sahihi, ila vifurushi si vyake. Miezi iliyopita uliandika `pip install --user numpy`, kikaingia `~/.local/lib/python3.11/site-packages`, na folda hiyo inatangulia vifurushi vilivyojengwa ndani ya Python yenyewe. Uliza moja kwa moja:

```
python -c "import numpy; print(numpy.__version__, numpy.__file__)"
```

Njia ikianza na `/home/.../.local`, umempata mhusika. Weka `export PYTHONNOUSERSITE=1` kwenye skripti, au hamisha `~/.local/lib/python3.11` kando kwa muda ujaribu tena. Kwa vifurushi vyako mwenyewe tengeneza venv (mazingira ya Python yaliyotengwa) juu ya moduli ya Python, na ukumbuke kupakia moduli ileile kabla ya kuiwasha venv. Usipofanya hivyo utaona `libpython3.11.so.1.0: cannot open shared object file`, kwa sababu python iliyo ndani ya venv ni kiungo tu kinachoelekea kwenye ile ya moduli.

R nayo: vifurushi ulivyosakinisha chini ya 4.2 haviji 4.3, kwa kuwa folda yako ya R hutenganishwa kwa toleo. Visakinishe upya, usinakili folda.

Na kama toleo limebadilika bila wewe kugusa kitu, uliandika `module load Python` bila namba. Hapo unapewa lenye alama `(D)`, na alama hiyo huhamishwa na wasimamizi toleo jipya likija. Skripti yoyote ambayo matokeo yake yataingia kwenye tasnifu au makala iandikwe namba kamili.

Maktaba hazionekani

Ujumbe kama `error while loading shared libraries: libgsl.so.27` unatibika kwa kuuliza ni zipi zinazokosekana:

```
ldd $(which programu) | grep "not found"
```

Kama programu imetoka kwenye moduli, chanzo cha kawaida ni kuchanganya familia mbili za kompaila. Umepakia kitu cha `GCC-12.3.0`, kisha kingine cha `GCC-11.3.0`, na Lmod ikakuambia wazi kwa `The following have been reloaded with a version change`. Ujumbe huo watu huupita. Maana yake ni kwamba maktaba za ile ya kwanza zimebadilishwa chini ya miguu yake. Chagua familia moja kwa kazi nzima: zile zenye `12.3.0`, `foss-2023a` au `gfbf-2023a` huenda pamoja, na zenye `11.3.0` huenda na `foss-2022a`.

``GLIBCXX_3.4.30' not found`` inamaanisha programu imejengwa kwa GCC 12 au zaidi lakini imekutana na `libstdc++` ya zamani zaidi, ya mfumo au ya conda. Kupakia `GCCcore` inayolingana hutosha.

``GLIBC_2.34' not found`` inafanana kwa macho tu. Hii ni maktaba ya mfumo wa uendeshaji wenyewe, na hakuna moduli ya kuipandisha. CentOS 7 ina 2.17, RHEL 8 ina 2.28, RHEL 9 ina 2.34. Kwa kawaida umepakua faili iliyojengwa kwenye mfumo mpya ukaileta kwenye wa zamani. Usidownload `libc.so.6` na kuiweka kwenye `LD_LIBRARY_PATH`; hata `ls` itaanguka. Tumia toleo la moduli, au endesha programu ndani ya kontena la Apptainer, linalobeba maktaba zake lenyewe.

`Illegal instruction`

Programu inaanza na kufa papo hapo. Imejengwa kwa amri za prosesa ambazo nodi uliyopewa haina. Mfano wa kawaida ni AVX-512: Intel za Skylake za seva zinazo, AMD EPYC za Zen 2 na Zen 3 hazina. Kagua kwenye nodi yenyewe kwa `lscpu | grep -c avx512f`. Ikirudi 0, huenda ndicho chanzo. Kama ni moduli ya klasta, huenda Slurm ilinakili `MODULEPATH` ya nodi ya kuingilia yenye prosesa tofauti, basi tuma kwa `sbatch --export=NONE`. Kama umeijenga mwenyewe kwa `-march=native`, ijenge upya kwenye nodi ya aina itakayoiendesha, au iombe nodi hiyo kwa `--constraint`. Majina ya sifa utayapata kwa `sinfo -o "%N %f"`.

MPI: kila mchakato unajiona ni wa pekee

Umeomba michakato 32, na matokeo yamechapishwa mara 32 na kila mmoja ukidai uko peke yake. `mpirun` ni ya MPI moja, programu imeunganishwa na nyingine. Linganisha `which mpirun` na `ldd $(which programu) | grep libmpi`. Folda mbili tofauti ndiyo jibu. Pakia MPI ambayo programu ilijengewa. Ukitumia `srun`, angalia `srun --mpi=list` na ujaribu `--mpi=pmix`.

`Permission denied` au leseni

Gaussian, VASP na nyingine za kulipia hufunguliwa kwa wanakikundi tu. Andika `groups`, kama jina la kikundi hicho halimo, hakuna amri itakayokusaidia, ni fomu ya kujaza. MATLAB ikisema leseni imekosekana huku ikiwa imefanya kazi jana, huenda viti vya leseni vimejaa. Kazi nyingi ndogo za safu (zinazotumwa kwa pamoja kwa skripti moja) huvimaliza haraka.

Imetafutwa kote, haimo kweli

Jaribu `module --show_hidden avail` mara moja ya mwisho, kisha andikia wasimamizi. Ombi linalojibiwa haraka lina jina na toleo la programu, anwani ya chanzo chake, na sehemu ya klasta unayotaka itumike. Kama ni hitilafu, bandika matokeo ya zile amri nne za mwanzo kama maandishi, si picha ya skrini, pamoja na namba ya kazi na njia kamili ya skripti, na uhakikishe folda hiyo inasomeka na wao.